Bi Mabano, Aliyekataa Kujaziwa Mapengo

Ndugu waombolezaji, programu mliyopewa mlangoni ina wasifu wa marehemu kwenye ukurasa wa pili. Ikunjeni, mjipepee nayo. Umeandikwa na kaka yake mkubwa, wakili, mtu wa maneno matamu, na marehemu angeusoma angeomba kalamu nyekundu. Huu mnaousikia umeandikwa na mdogo wake, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu. Amekasirika, na hatajifanya hakukasirika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa karani wa posta, mama mshonaji. Alipokuwa na miaka tisa aliona katika kitabu cha shule picha ya maiti ya mfalme wa Misri ya kale, iliyokaushwa kwa magadi na kuviringishiwa vitambaa. Siku hiyohiyo alikomba chumvi yote ya jikoni, akachukua mabaki ya vitambaa vya mama, akamtengeneza hivyohivyo mwanasesere wa mdogo wake na kumzika nyuma ya nyumba. Mvua zilipokwisha akamfukua. Loo! Ukungu mtupu, na siafu. "Kosa ni la chumvi," alisema, bila hata haya. Mwanasesere yule alikuwa na macho ya kufumba na kufumbua, na mdogo wake hajamsahau mpaka leo.

Alimaliza sekondari mwaka 1977 akiwa wa kwanza darasani, akapata nafasi chuo kikuu kusoma lugha za kale, historia ya kale na mambo ya Misri ya kale. Programu yenu inasema, "kaka yake alimwelekeza kwa upendo katika safari ya elimu." Upendo wenyewe ulikuwa huu: kaka, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza uwakili, alikwenda chuoni kimyakimya akasema ametumwa na dada yake, anaomba ahamishiwe sheria. Marehemu alifika siku ya kwanza, akatafuta jina lake kwenye ubao wa historia ya kale, hola. Akalikuta kwa wanasheria. Alirudi nyumbani moja kwa moja.

"Wafu wa Misri watakulisha?" kaka alimwuliza.

"Uliwaambia ni mimi niliyekutuma?"

"Niliwaambia kwa faida yako."

"Basi umesema uongo, na umeusema kwa kinywa changu."

Kila asubuhi alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa kitivo, miguu kaitandaza, mpaka mkuu akachoka kuiruka. "Binti, unataka nini hasa?" Marehemu akamjibu, "Nirudishie wafu wangu." Akarudishiwa. Huyo ndiye aliyeelekezwa kwa upendo.

Darasa lao lilikuwa chumba cha mwisho ghorofa ya chini, kando ya stoo ya viti vibovu, na taa yake ilikuwa inapepesa. Wanafunzi walikuwa watatu. Mwalimu wao, mama mmoja mkali aliyevaa miwani miwili kwa pamoja, aliwafundisha kunakili maandishi ya makaburini. Herufi iliyopo iandike. Pale jiwe lilipovunjika weka mabano, na ndani ya mabano acha patupu kama huna hakika. Mwanafunzi akijitia kujua na kujaza neno zuri la kubuni, mama yule alimwuliza swali moja tu: "Umeona, au umetamani?" Marehemu alilichukua swali hilo likawa lake, na sisi wa nyumbani tulikoma nalo.

Alianza kufundisha chuoni hapohapo mwaka 1985. Wanafunzi walimpa jina la Bi Mabano, nyuma yake kwanza, halafu usoni, naye akaliitikia. Somo alilolipenda kuliko yote ni wasifu za wakubwa wa Misri zilizochongwa kwenye makaburi yao. Kila mmoja anajisifu kwamba aliwapa wenye njaa mkate, aliwavika walio uchi, hakumkosea mtu. "Makaburi yote haya," aliwauliza wanafunzi, "wakorofi walizikwa wapi?" Alistaafu mwaka 2018, akalia siku ya kukabidhi ufunguo wa kile chumba cha ghorofa ya chini.

Tarehe 2 Septemba 1989 alifunga ndoa na mpiga picha wa makumbusho, shemeji yetu aliyekaa hapo mbele. Walikutana kazini: yeye alimulika jiwe kwa tochi kutoka ubavuni ili herufi zilizolika zionekane, marehemu akanakili. Alimpenda kwa kuwa alijua kushika tochi na kunyamaza. Walijaliwa binti mmoja, ambaye ni mwuguzi.

Sasa tuseme lile ambalo wengi wenu mnalinong'ona tangu asubuhi. Mwaka 1996 tulimzika baba. Kaka alisoma wasifu, akafika aliposema baba alikata roho akiwa amezungukwa na watoto wake wote. Marehemu, hukohuko alikokaa, akasema kwa sauti: "Umeona, au umetamani?" Baba alikufa peke yake wodini, sisi sote tukiwa makazini kwetu, na kaka alilijua hilo. Watu waliguna. Mama aliinamisha uso, na hilo halikuwa haki yake mama. Marehemu alikuwa na ulimi wa wembe, hakujua kuuweka mfukoni hata mbele ya jeneza. Tangu siku hiyo kaka hakumsemesha. Harusi, wagonjwa, mazishi ya mama: alimpita kama anapita nguzo.

Mwaka 2021 alianza kuugua figo. Jumatatu tarehe 8 Mei 2023, alipokuwa amezidiwa, kaka alitokea hospitali, akaomba tuwapishe. Tukatoka. Alipofungua mlango alikuwa anafuta macho. "Amenisamehe," alisema. Tulipoingia marehemu hakuweza tena kutamka neno. Alifariki kesho yake alfajiri, shemeji akiwa ameshika mguu wake, maana mikono haikushikika.

Juzi kaka alileta programu kwa mdogo wake. Ilikuwa imeandikwa, "alimsamehe kaka yake, wakakumbatiana." Mdogo wake alimwambia aifute.

"Msibani hatushtakiani, mdogo wangu," alisema.

"Basi usilete ushahidi wa uongo, kaka. Mlikumbatianaje? Mkono wake mmoja una dripu, wa pili umevimba hata kijiko haushi­ki."

"Hayo ya kukumbatiana ni maneno tu. Na kama kweli alinisamehe?"

Mdogo wake akamrudishia karatasi yake. Kaka akaichapisha kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo sikilizeni. Kukumbatiana kufuteni, hakukuwapo. Kusamehe ni jambo jingine. Chumbani mle walikuwa wawili, na mmoja ndiye huyu tunayemzika. Mdogo wake amekaa na kalamu siku mbili mbele ya mstari huo. Angependa mno kuandika kwamba alimsamehe. Angelala. Mama angelala huko aliko. Na kwa sababu anapenda mno, hawezi kuandika. Kwenye nakala atakayoiweka kwenye jeneza, ameweka mabano mawili, katikati patupu.

Marehemu ameacha mume, binti, mdogo wake, wanafunzi wengi aliowaliza na hawakumwacha, na kaka yake mkubwa. Kaka, mstari wako uko wazi. Njoo hapa mbele, simama karibu na jeneza, utuambie ulichosikia. Hakuna atakayekubishia. Utaulizwa swali moja tu, na mwenye swali lake yuko hapa, anasubiri.

Apumzike, na tusimtilie maneno kinywani tena.