Pampu Iliyopanda Basi

Mama mshonaji aliyeketi mbele yangu, futi ya kupimia bado shingoni, alikuwa amepakata mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani yake ilikuwamo pampu ya mafuta ya gari lake la zamani, aliyoing'oa mwenyewe asubuhi.

"Imekufa hii, naenda kutafuta inayofanana nayo," alimwambia jirani yake, kinyozi mwenye nywele za wateja mabegani. "Jumamosi binti yangu anaolewa, na ameapa hapandi gari lolote ila la marehemu baba yake."

"Pole, mama. Lakini ulipozungusha ufunguo, uliisikia ikivuma kule nyuma?"

"Ilivuma vizuri tu."

"Basi ni nzima. Mpira wa mafuta ndio umepasuka. Chini ya gari hakukuwa na unyevu?"

"Ulikuwepo. Pampu ikizeeka hutokwa jasho, mwanangu."

Kinyozi akashika kichwa. Mimi sina gari, kwa hiyo nilikubaliana na wote wawili.

Mara dereva akasimamisha basi kando ya barabara. Alisema ananusa mafuta, bila shaka basi linavuja, tushuke sote. Akajilaza chini yake, miguu nje, akipapasa bomba moja baada ya jingine.

Wale wawili wakachuchumaa hapo kumsaidia. "Angalia mpira," alisema kinyozi. "Mpira hauna kosa, ni pampu," alisema mama, huku mfuko wake ukidondosha petroli taratibu kwenye kiatu cha dereva.