Nta Imekwenda Wapi?

Wewe chakula chako cha kazini unakifunga na nini? Usiniambie mfuko wa rambo, maana hapa Buseresere rambo limekuwa aibu tangu Zipora aanze kupaka nta vipande vya kitenge. Nta yenyewe inatoka kwa wafuga nyuki wa Ushetu. Anaiyeyusha, anapaka kitambaa, kikipoa unafungia chapati au viazi, unakiosha, na kesho kazini tena. Kijiwe chetu kizima cha kahawa kinajisifu utadhani kila mmoja ana mzinga. Leo asubuhi, lakini, Makoye, mchimbaji tunayemwita Mwamba, kaweka cha kwake juu ya benchi: kimelegea kama leso, nta hamna. Na Mama Blessing, anayewapikia wachimbaji wenzake Mwamba, yuko njiani kuja kuamua kama atachukua mzigo wote wa Zipora au arudi kwenye nailoni.

Zipora: — Mwamba, umekifanya nini?

Makoye: — Nimefungia chakula, dada. Waulize nyuki wako.

Marcel tunamwita Daktari kwa sababu anauza dawa za ng'ombe. Hajawahi kukataa cheo hicho.

Daktari: — Hili ni la kisayansi. Ushetu wanalima tumbaku. Nyuki akinyonya ua la tumbaku analewa, nta yake inakosa msimamo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Zipora: — Nyuki na nyoka wapi na wapi?

Daktari: — Wote wanauma.

Bujiku, muuza kahawa, akaacha kumimina.

Bujiku: — Kosa ni la shimo. Kule chini mwamba unavuta kila kitu. Mjomba wangu aliingia na ndevu, akatoka hana. Haba na haba hujaza kibaba.

Daktari: — Basi nta iko kwenye mawe. Tukiyasaga tunapata dhahabu na mishumaa.

Zipora: — Chekeni tu. Jana mbele ya wageni kilikuwa kitambaa chetu. Leo kimekuwa changu.

Bujiku: — Bado ni chetu. Ubovu ndio wako.

Mama Blessing akafika, shikamoo zikamwagika. Akaitikia, akakiokota kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba.

Mama Blessing: — Viwili alivyonipa Zipora nijaribu ninavyo tangu masika, havijawa hivi. Hiki mlikifanyaje baada ya kukiosha?

Daktari akachungulia kikombe chake.

Bujiku: — Penye wengi hapaharibiki neno, mama.

Mama Blessing: — Sijauliza hilo. Nataka kujua, maana vijana ninaowapikia watakifanya hivyo hivyo. Nisipojua, sichukui hata kimoja.

Zipora alikuwa anamtazama Makoye.

Makoye: — Maji yalikuwa ya baridi, mama. Kama dada alivyoagiza.

Mama Blessing: — Halafu?

Makoye: — Pale machimboni tumetoka mikoa yote. Sisi Wasukuma wanatuita washamba wa michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Siku nilipofungua chakula kwenye kile kitambaa walinyamaza, kikapita mkono kwa mkono. Nikawaambia kwetu ndivyo tunavyofunga.

Mama Blessing: — Halafu, Makoye?

Makoye: — Waliniomba nije nacho tena kesho yake. Sasa ningewapelekaje kitu cha kwetu kimejikunjakunja? Nilikipiga pasi.