Transista Yenye Haraka

— Kwa nini sauti za juu peke yake ndizo zinalegea?

Sadiya aliuliza hivyo Jumatatu, akiwa amesimama, maana benchi la wazee pale mtaa wa Chechelesi halijawahi kumpa msichana nafasi. Swali likapita kama gari la serikali. Wazee walitazama kinanda cha umeme alichokiunda mwenyewe, wakarudi kwa kahawa. Ni Mutea tu, fundi redio wamwitaye Volteji, aliyeapa: siku kinanda kitakapofika noti ya juu kabisa bila kulegea, nafasi yake benchini ni ya Sadiya.

Alhamisi akarudi nacho kwapani.

— Salaam aleikum, wazee.

— Aleikum salaam, akaitikia Umuro, wamwitaye Bunge. Bado kinalegea? Ni upepo. Sauti ya juu inapaa hapa, inaangukia kule mji wa Kinna.

— Upepo gani? Volteji akamkata. Ni transista. Nilimwambia anunue ile ya pole pole. Haraka haraka haina baraka.

Sadiya alikuwa ameingoja hiyo methali siku tatu.

— Mzee, hapo ndipo uliponipoteza. Ndani kuna kapasita. Chukulia ni debe. Linajaa, transista inalimwaga, linajaa tena. Sauti nene inamwaga mara mia kwa sekunde. Nyembamba, mara elfu na zaidi. Sasa kila kumwaga kukichelewa kidogo?

— Foleni, Umuro akasema.

— Foleni. Na ya juu ndiyo inaumia, kwa sababu inamwaga mara nyingi.

— Basi weka yenye mdomo mpana, Volteji akasema, kama aliyelijua hilo tangu zamani.

— Niliweka. Ikavuja hata ikiwa imefungwa, sauti nene ikayumba. Nimejaribu tano. Hii ya sita inafunguka pana na inafunga kabisa.

— Umeitoa wapi? Volteji akauliza.

— Kwenye ile redio uliyosema imekufa, ukaitupa.

Umuro akakohoa kahawa.

Sadiya akabonyeza noti ya chini kabisa na ya juu kabisa, pamoja. Zikashikana, moja nene, moja nyembamba, wala hazikugombana. Volteji akainamisha sikio lenye miaka thelathini ya redio, akatafuta kosa. Akaomba arudie. Akatafuta tena.

— Haijalegea, akasema mwishowe, akitazama viatu vyake.

— Bunge limesikia, akasema Umuro.

Ndani ya birika kahawa ilibaki kikombe kimoja. Sadiya akakimimina, akakishika.

— Mzee Volteji, nipishe nikae.