Dirisha la Pili na Dumu Namba Arobaini na Moja

Tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Foleni, afisa wetu wa uhamiaji, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, yote katika kituo hiki cha mpakani. Jina hilo alipewa na madereva wa malori, kwa sababu hata waziri alipopita hapa alimwonyesha kwa upole mahali foleni inapoishia.

Alianza kazi wakati ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na muhuri mmoja uliofungwa kwa kamba ili usipotee. Kamba ile bado ipo kwenye droo yake. Baadaye alihamia dirisha la pili, na wengi wetu tulimkuta hapo, kalamu sikioni, akimwuliza kila msafiri, "Unakwenda kumwona nani?" Swali hilo halimo kwenye fomu. Alipenda tu kujua.

Wenzake wa zamani hawachoki kusimulia siku ya maandamano, miaka kumi na miwili iliyopita. Vijana walikuwa wanavuka kwenda kuandamana upande wa pili, na simu ikapigwa kutoka makao makuu kwamba asipite kijana yeyote. Mzee Foleni akajibu kwamba mwenye pasi halali ana haki ya kupita, na kama haki hiyo imesitishwa, aletewe barua. Barua ikisubiriwa, dirisha la pili halikufungwa. Lakini hakufumba macho. Aliweka meza mlangoni: mabango yapite, ila marungu, manati na mafuta yabaki, yabandikwe namba, kila mtu achukue chake akirudi.

Walipita watu mia mbili na kumi na wawili. Alirudishwa mmoja tu, mpwa wake mwenyewe, aliyeapa mbele ya foleni nzima kwamba begi lake lina nguo tu. Lilikuwa na dumu la petroli.

"Mjomba, ni mimi!"

"Nakuona. Dumu libaki, na wewe rudi kwa mama yako."

Barua ilifika saa kumi jioni, watu wameshapita zamani. Mzee Foleni alipewa onyo na kupelekwa masjala miaka miwili. Nyumbani nako dada yake aliacha kumsemesha kwa kumwaibisha mwanawe hadharani. Mzee mwenyewe alisema masjala palikuwa na afadhali, mafaili hayanuni.

Vitu vyote vya meza ile vilichukuliwa na wenyewe, isipokuwa dumu, namba arobaini na moja. Petroli ilikabidhiwa polisi, dumu likabaki stoo. Kila tulipofanya usafi alikataa lisitupwe. "Mwenyewe atakuja," alisema.

Mwandishi wa wasifu huu ana miezi mitatu tu hapa masjala, na akishika zamu dirishani sauti yake bado haifiki upande wa pili wa kioo. Mzee Foleni amemfundisha kuinua macho kwanza, ndipo aongee. Inasaidia kidogo.

Wiki iliyopita mwanamume mmoja alipiga simu mapokezi kuuliza sherehe ya kuagana itaanza saa ngapi, maana atakuja na mama yake. Dada wa mapokezi, ambaye dirisha la pili limeshamwambukiza, akamwuliza anakuja kumwona nani. Akajibu, "Mjomba wangu."

Mzee Foleni alipoambiwa alikwenda stoo, akalitoa dumu, akalisugua mwenyewe kwenye bomba la nje, akiangalia sana kibandiko kisilowe.

Asante, Mzee wetu, kwa kutulindia mpaka bila kuwafungia watu njia. Tunakuombea siku nyingi za afya, na nyumba isiyokauka wageni.

Dumu liko mezani, karibu na daftari la kusaini.