Siku Walipoikata Boila

Wapendwa, nawasalimu. Mnivumilie sauti yangu ikipotea. Jina la mtu sitataja.

Wengi wenu hapa Kitale mnajua kule Bungoma kulikuwa na mji wa kiwanda cha karatasi. Mimi niliolewa huko. Mume wangu alikuwa fundi wa boila, lile tangi kubwa la mvuke lililoendesha mitambo yote. Moshi wa kiwanda ulinuka kama mayai viza, ukala mabati yetu mpaka yakatoboka, lakini hatukulalamika sana. King'ora kikilia, wanaume wanabadilishana zamu, soko linajaa, watoto wanaenda shule. Tulidhani mji ni kama mlima, hauondoki.

Halafu kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani, wataitwa. Ndugu zangu, nawaambia, hilo neno "mtaitwa" linaweza kumla mtu. Majirani walingoja wakachoka. Mmoja akarudi Tongaren kulima mahindi, mwingine akaenda Lwakhakha kuuza nguo. Mume wangu alikataa. Kila asubuhi alivaa ovaroli, akaenda kusimama getini, jioni akarudi. Nilipomsihi tuhame alinijibu kwa upole tu, "Boila ikiwashwa na mimi siko, nani anaijua?" Miaka ikapita hivyo.

Siku moja akarudi kabla ya saa sita, ameshikwa mkono na wenzake wawili. Ndio walionieleza. Malori ya vyuma chakavu yalikuwa yameingia kiwandani, na yeye alisimama pale getini akiona boila inakatwa kwa gesi, kipande kwa kipande. Alilala, akageukia ukuta, akaacha kusema.

Nilimpeleka hospitali. Wakampima, wakasema mwili hauna kitu, ati apumzike. Si ndiyo alikuwa anapumzika? Shemeji zangu wakasema amerogwa. Mchungaji akaja akaomba. Mimi nilimlisha uji kwa kijiko. Pengine anameza, pengine unamwagika tu. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia mbele yake. Wapi. Ikafika mahali nafika mlangoni na bakuli, miguu inakataa kuingia.

Jirani yangu mmoja, mama Mwislamu aliyeuza mandazi karibu na msikiti, alinikuta hapo mlangoni. Akalichukua bakuli mkononi mwangu, akaniambia, "Mama, huyu huwezi kumwinua. Kaa naye tu."

Tangu hapo, akimaliza kuuza, alikuja akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda, kimya, ili mimi nioge, nilale kidogo. Na wifi yangu alipotuita huku Kitale, ni huyo mama aliyenisaidia kufunga mizigo. Mume wangu alipandishwa gari kama mzigo mwingine. Hakuuliza tunaenda wapi.

Tulikaa hapa muda mrefu bila neno. Alasiri moja mvua inanyesha, mimi nachambua maharagwe kando ya kitanda, nikasikia sauti. Ilikuwa imekauka, hata sikuitambua.

"Walimaliza kuikata?"

Nilitamani kudanganya, wapendwa. Nikashindwa.

"Walimaliza, Baba watoto."

"Yote?"

"Yote."

Akalia. Alilia mpaka wifi yangu akaja kusimama mlangoni, na sisi wawili hatukuwa na la kufanya. Aliponyamaza akaomba chai.

Sitawaambia amepona. Kuna siku anawachunga mbuzi wa dada yake na kusalimia watu njiani. Kuna siku haamki, na mimi naketi tu. Ule mji siwezi kuurudisha, na yule mwanamume aliyenioa, sidhani atarudi kama alivyokuwa.

Namshukuru mama wa mandazi, Mungu amkumbuke huko aliko. Namshukuru wifi yangu aliyetupa chumba, na ninyi mliokuwa mnabisha hodi bila maswali. Nilichojifunza ni kidogo: mtu akianguka, si lazima umsimamishe leo. Ukishindwa kumwinua, usimkimbie. Shuka ukae naye pale chini.

Leo amekubali kuja. Ameketi pale nyuma kabisa, karibu na mlango. Nawaomba msigeuke kumtazama. Tukitoka, msalimieni tu, kama mnavyosalimia mtu yeyote.