Kengele Inasikika Mpaka Hapa

Siku za shule, saa tisa na nusu alasiri, kengele hulia ng'ambo ya bonde, na wazee watatu wa benchi la Soli huinua vikombe vyao vya kahawa kana kwamba wameruhusiwa wao. Benchi ni mbao mbili nene zilizopigiliwa juu ya magogo, katikati ya kibanda cha kinyozi na ukuta wa nyumba ya Stempu. Ukikaa hapo ukageuza shingo unaliona paa jekundu la shule, hata lile bati lililong'oka upande mmoja unaliona. Kengele ikishalia, basi la shule huchukua saa nzima na dakika zake kuwafikisha watoto hapa, maana barabara inalizunguka bonde lote, inapita sokoni, inapita mizani ya malori, ndipo inarudi. Saa hiyo nzima ndiyo saa ya ubishi. Stempu ni karani mstaafu wa posta, mtu wa kuongea kama anayesoma tangazo. Wembe ni kinyozi, na kwa kuwa vichwa humjia asubuhi na jioni, mchana ana kazi moja tu, kubisha. Soli mwenyewe ni fundi viatu, mpole, ila leo kahawa ilikuwa inapoa mkononi mwake.

— Imepanda tena, — Soli alisema.

— Presha? — Wembe aliuliza.

— Nauli ya basi la shule. Mara ya tatu mwaka huu.

Hakuwaambia yaliyobaki. Jana binti yake alikaa mbele yake, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia peke yake, "Baba, ikifika Ijumaa hatujapata, mtoto ataenda kukaa kwa shangazi yake, kule karibu na shule." Leo ilikuwa Jumatano. Mjukuu huyo ana miaka minane, na kila asubuhi kabla ya basi humtungia babu yake sindano tatu, kwa sababu macho ya Soli siku hizi hayaoni tundu. Humwachia zimechomekwa kwenye kipande cha sponji, nyuzi zinaning'inia. Soli angeweza kuzoea kuishi bila macho, lakini bila huyo mtoto nyumba ingekuwa ya nini?

— Mimi sababu naijua, — Wembe alisema. — Watoto wa siku hizi wazito. Mimi nawanyoa, nawajua. Kichwa kimoja nakizunguka mara mbili. Vichwa vizito, basi linakula mafuta. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Methali hiyo inahusu malezi, — Stempu alisema.

— Na kichwa hakilelewi?

— Tatizo ni barabara. Inarefuka.

— Inarefuka vipi, Stempu?

— Lami ikipigwa jua inatanuka. Nimekaa posta miaka thelathini na moja. Nilipoanza, barua ya mjini ilifika kwa siku mbili. Nilipostaafu, ilifika kwa wiki mbili. Barua ni ile ile. Sasa kilichorefuka nini?

— Usingizi wenu, — Soli alisema.

— Tuheshimiane, bwana.

— Honi, — Wembe alidakia. — Yule dereva anapiga honi toka sokoni mpaka hapa. Honi inakula betri, betri inalishwa na injini, injini inakunywa mafuta, na mafuta tunanunua sisi. Haba na haba hujaza kibaba. Wazazi wakichanga wakamng'olea ile honi, nauli itashuka.

— Hapo umenena, — Stempu alisema, na jambo hilo lilikuwa halijatokea miezi mingi. — Ila mimi naona anawazungusha makusudi. Mtoto akizungushwa sana hulala. Akilala hahesabu vituo. Asipohesabu vituo, mzazi atajuaje analipia safari ngapi?

Mama wa kahawa, aliyekuwa ameketi na birika lake pembeni, alitikisa kichwa akawaongezea. Yeye kwa ubishi wao alikuwa na msimamo mmoja, kwamba unauza.

— Sisi tulitembea, — Wembe alisema.

Neno hilo likishatamkwa pale, basi tena. Wote watatu walizaliwa mtaa huo, na wote waliifuata shule ile ile kwa miguu.

— Asubuhi na mapema, — Stempu alisema. — Umande mpaka magotini.

— Kiunoni, — Wembe alisema. — Na mto.

— Mito miwili.

— Na mmoja ulikuwa na mamba.

— Ni kijito, — Soli alisema. — Kina mawe matano ya kukanyagia, na maji hayafiki kifundo cha mguu.

— Enzi hizo maji yalikuwa na heshima, — Wembe alijibu. — Yalikuwa yanafika.

Soli alicheka, naye akajikuta ameondoka pale benchini akiwa amekaa. Aliwakumbuka watoto sitini, sabini wa miaka ile alipoanza ufundi, wakipita mbele yake kila asubuhi. Aliwajua kwa viatu. Aliyelika kisigino upande wa nje alikuwa mkimbiaji wa mteremko. Aliyefunguka mdomo mbele alikuwa mtu wa kupiga mawe teke. Mtoto alikuwa akikaa hapo hapo ashonewe chapchap, mguu mmoja juu ya mwingine usiguse vumbi, wenzake wakimsubiri na kumcheka. Kisha basi likaja, nyayo zikanyamaza. Kiatu cha mtoto wa basi hakiishi soli, humbana tu mwenyewe akikua, kikatupwa kizima. Aliikumbuka ile kelele ya miguu, akaitamani.

— Shikamooni wazee wangu.

Alikuwa mshonaji wa nguo aliyehamia nyumba ya pembeni wiki mbili zilizopita. Alikuwa anatweta, mkononi ana kiatu kimoja cha shule, kidogo.

— Marahaba, mama, — walijibu.

— Baba, nitaomba unishonee hiki, nitakipitia jioni. Namkimbilia mwanangu shuleni, leo kaenda na kandambili. Kengele naisikia nikiwa mlangoni kwangu, lakini nikifika kule huwa amebaki yeye na mlinzi tu.

Soli alikigeuza kiatu. Soli ya kiatu imelika, nyembamba na laini kama iliyopigwa msasa. Miaka ilikuwa imepita bila kushika kiatu cha mtoto cha namna hiyo.

— Huyu anatembea, — alisema taratibu. — Tena kwenye lami.

— Tunatembea naye, baba. Basi limenishinda. Tunafuata barabara kuu, malori yanatupita hapa, — alionyesha bega lake. Kisha akatazama juu ya vichwa vyao, ng'ambo ya bonde. — Lile paa jekundu si la shule?

— Ndilo, — Stempu alisema. — Nimesoma pale.

— Mimi pia, — Wembe alisema. — Sisi tulitembea.

— Sasa wazee wangu, mlikuwa mnapita wapi?

Stempu alitazama ndani ya kikombe chake. Wembe alikohoa.

— Penye nia pana njia, mama, — Wembe alisema.

— Nia ninayo, baba. Njia ndiyo naiuliza.

— Hebu nimiminie kidogo, — Stempu alimwambia mama wa kahawa.

— Imekwisha, — mama wa kahawa alisema, na birika lilisikika bado lina kahawa.

Soli alijua. Mwaka basi lilipoanza, benchi hili lilikuwa hatua tatu kule, juani. Yeye ndiye aliyelisogeza kufuata kivuli cha ukuta, akaliweka mdomoni mwa uchochoro wa kwenda shule. Siku mbili tatu tu, alisema, maana watoto hawapiti tena. Wembe akaona hapapiti mtu, akaegemeza mabati yake nyuma ya benchi. Stempu akaona mabati, akajenga banda la kuku nyuma ya mabati. Baada ya banda kulikuwa na mteremko, mawe matano, na geti dogo la nyuma la shule, ambalo mpaka leo mlinzi hulifungua kwenda kuchoma taka. Robo saa kwa miguu ya mtoto. Miaka yote hiyo alikaa juu ya njia akiwahadithia watu jinsi ilivyokuwa nzuri, na Ijumaa angempoteza mjukuu wake kwa kukosa njia.

Alikiweka kiatu chini, akasimama.

— Inukeni, — alisema.

— Twende wapi? — Wembe aliuliza.

— Hatuendi popote. Inukeni tu.

Alishika ncha moja ya benchi. Mshonaji, bila kuuliza, aliishika ya pili. Benchi likatoka, na chini yake magogo yalikuwa yameacha mashimo mawili ardhini, na katikati ya mashimo palionekana udongo mgumu, mweupe, uliokanyagwa miaka na miaka, ukienda kuingia chini ya mabati. Wembe aliutazama, kisha akaenda kuyashika mabati yake bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nyuma ya mabati kuku walianza kupiga kelele.

— Soli, — Stempu alisema, sauti yake imepungua. — Na kuku wangu je?

— Watembee, — Soli alisema. — Sisi tulitembea.