Brashi, Aliyepima kwa Kadi ya Mkewe

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Brashi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1983, mtoto wa tano na kitinda mimba wa fundi cherehani na mkewe. Dada yake mkubwa, anayesoma maneno haya, ndiye aliyembeba mgongoni.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2001. Darasani hakuwa mbaya, ila mdomo! Mwaka 2003 aliajiriwa gereji, akawa fundi wa kupaka rangi magari hadi mwisho. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2010, wakajaliwa watoto watatu.

Wenzake gereji wanaikumbuka siku wauguzi walipokuja kuuliza maswali ya ukimwi. Brashi alijibu yote. Mbu? "Haambukizi." Kondomu alionyesha inavyovaliwa kwa mpini wa brashi, watu wakavunjika mbavu. Akazawadiwa kofia. Kisha nesi akamuuliza alipima lini. Akachomoa kwenye pochi kadi ya kliniki ya mkewe, ya mimba ya mwaka 2019. "Hii hapa. Mke wangu hana, mimi nitautoa wapi?"

"Kaka, hayo ni majibu ya mama. Mmoja anaweza kuwa nao, mwenzake asiwe nao. Ya kwako yako wapi?"

Akacheka, na gereji nzima ikacheka naye. Kumbe kila alipotumwa mikoani kupaka magari ya wateja hakulala peke yake, wala hakuvaa alichowafundisha wenzake. Hayo alimwambia dada yake mwenyewe, kitandani hospitalini, akilia.

Kikohozi kilianza Januari 2024. Akasingizia rangi, akawa anakunywa maziwa eti yasafishe kifua. Alipimwa tarehe 2 Juni, mara ya kwanza maishani, akiwa hajiwezi. Dawa zilikuwepo miaka yote hiyo, tena bure, hatua chache tu kutoka gereji. Alifariki tarehe 11 Juni, saa tisa alasiri, kwa ukimwi na kifua kikuu. Wapo ndugu waliotaka hapa paandikwe "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Dada amekataa. Jamani, amekataa!

Ameacha mjane, watoto watatu na dada wanne. Tangu siku ile mjane anaombwa akapime, naye anajibu, "Wifi, mimi nilishapima, kadi si mnayo?" Wifi, kadi hiyo ina miaka mitano. Watoto hawa wamebakiwa na mzazi mmoja. Jumatatu saa mbili asubuhi dada atakuwa mlangoni kwako, na usipofungua atakaa hapo hapo kizingitini mpaka utoke.

Mdogo wetu na apumzike. Wewe, wifi, tunakupigia magoti, usimfuate.